Roboti za kubeba mbegu za kiume: tuelezwe zilipofikia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie habari mliyoitoa karibuni ya roboti ndogo zinazoendeshwa kwa sumaku, zile zinazoshika mbegu ya kiume isiyoweza kuogelea na kuisukuma hadi kwenye yai. Kichwa chake kilisema tiba ya ugumba wa wanaume imepatikana. Mimi ni mtaalamu wa maabara hapa Mtwara mjini. Shughuli yangu ya kila siku ni hadubini: damu, makohozi, mkojo na manii. Tangu gazeti lile litoke, wanawake wanakuja dirishani kwetu, kipande cha gazeti wamekifunga kwenye pindo la khanga, wanauliza mashine hiyo inafika lini Mtwara na itatozwa shilingi ngapi. Mama mmoja alitoka Mahuta, akalala kwa wifi yake Magomeni, alfajiri akawa mlangoni. Nilimwambia mashine haiji mwaka huu wala mwakani, na kwamba kazi iliyoandikwa gazetini haijampa mwanamke yeyote mimba. Akaniuliza, "Sasa dada, kwa nini wameandika?" Swali hilo si langu kulijibu, ndiyo maana nalileta kwako.

Kazi yenyewe ni ya kweli. Kwa mtu anayeshinda na seli kutwa nzima, ni miongoni mwa mambo yanayonisisimua kuliko yote ninayoyasoma, na ndiyo sababu naumia ikielezwa nusu. Ilifanyika Dresden, Ujerumani, na kundi la Mariana Medina-Sánchez na Oliver Schmidt, ikachapishwa mwaka 2016. Walitengeneza springi ndogo isiyoonekana kwa macho, ikachongwa kwa mwanga wa leza ndani ya plastiki maalumu, kisha ikapakwa utando wa metali inayoitikia sumaku. Springi hiyo haina betri, haina waya, haina ubongo. Nguvu yote iko nje ya chombo, kwenye koili za waya wa shaba. Umeme ukipitishwa kwenye koili hizo kwa zamu, uga wa sumaku, yaani eneo la nguvu yake, unazunguka, na springi inazunguka nao. Ikizunguka, inasonga mbele jinsi parafujo inavyozama kwenye mbao. Mwendeshaji anaielekeza nyuma ya mbegu, mkia unaingia ndani ya springi, kichwa kinashikiliwa na springi, na safari ya kwenda kwenye yai inaanza. Wakifika, uga unazungushwa kinyume, springi inarudi nyuma, mbegu inabaki pale.

Koili, kwa wasiozijua, si kitu cha ajabu. Mafundi wetu wanaosuka mota za pampu na mashine za kusaga wanazizungushia waya kila siku. Kilicho kigumu ni kuzipanga jozi kwa jozi, kuzitia umeme kwa mahesabu, na kuzifunga kwenye hadubini.

Sasa yale ambayo habari yenu haikuyasema. Mbegu zilizobebwa zilikuwa za ng'ombe dume. Zilibebwa ndani ya kisahani cha maabara, chini ya lenzi, mahali ambapo mwendeshaji anaona kila kitu. Kilichoonyeshwa ni kukamata, kubeba, kufikisha na kuachia. Hakuna mtoto aliyezaliwa kwa kazi hiyo, hata ndama. Ni hatua kubwa, naipigia makofi, lakini mtu aliyekaa kwenye ndoa miaka mingi bila mtoto ana haki ya kujua tofauti ya hatua na tiba kabla hajapanda basi.

Msomaji mwingine ameniuliza kwa nini watumie springi na si kitu chenye pezi la samaki. Jibu lilitolewa mwaka 1977 na mwanafizikia wa Marekani, Edward Purcell. Kwa kitu kidogo kiasi cha bakteria au mbegu, maji ni mazito mno; ukiacha kujisukuma unasimama papo hapo, hakuna kuteleza hata kidogo. Yeye mwenyewe alitoa mfano wa chaza wa aina inayoogelea, kwa Kiingereza scallop, na watu wa Msimbati na Mikindani wanaookota chaza maji yakipwa watanielewa haraka. Chaza mkubwa wa aina hiyo anaweza kusogea kwa kufungua gamba polepole na kulifunga kwa nguvu. Mfanye chaza huyo awe mdogo wa kuonekana kwa hadubini tu, afungue na kufunga atakavyo, atarudi palepale alipoanza, kwa sababu kufunga kunafuta yote yaliyofanywa na kufungua. Kwa hiyo viumbe wadogo wana mbinu nyingine. Bakteria wengi wanazungusha mkia, na mbegu ya kiume inapitisha wimbi mkiani kutoka shingoni hadi nchani. Mwaka 2009 kundi la Bradley Nelson huko Zurich, Uswisi, na watafiti Ambarish Ghosh na Peer Fischer huko Harvard, walionyesha springi zinazoogelea kwa uga wa sumaku unaozunguka. Watu wa Dresden walichukua mwendo huo, wakamkopesha aliyekosa wa kwake.

Nieleze tatizo linavyoonekana mezani kwangu, maana bila hilo mtu hawezi kuona thamani ya springi ile. Sampuli ikifika naiacha kwanza iyeyuke, kwa kawaida ndani ya nusu saa. Natia tone kwenye slaidi, nafunika kwa kioo chembamba, nashusha lenzi. Kwa mwanaume wa kawaida utaona msongamano, zinapishana, nyingine zinazunguka palepale, nyingine zimetulia. Watu hudhani zote lazima ziogelee. Hapana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unachukua asilimia 42 zinazotikisika kuwa mpaka wa chini. Lakini kuna sampuli nyingine, unasogeza slaidi kushoto, kulia, juu, chini, hakuna kinachotikisika. Mpimaji mwenye haraka ataandika kwamba zimekufa, na mwenye sampuli ataambiwa hivyo.

Hapo ndipo ninapochukua rangi. Nachanganya tone la manii na eosini na nigrosini, nasubiri nusu dakika, natandaza, naacha slaidi ikauke. Mbegu iliyokufa utando wake unavuja, rangi inaingia, kichwa kinakuwa chekundu au cha waridi. Mbegu iliyo hai inaifungia rangi nje na kubaki nyeupe kwenye weusi wa nigrosini. Nahesabu 200, nyeupe upande huu, nyekundu upande ule. Zipo slaidi ambazo hakuna iliyokuwa ikitikisika hata moja, na bado nyeupe zinazidi nyekundu. Hizo ni mbegu hai. Zimebeba kila kitu cha baba, ila mkia umekataa kazi, wakati mwingine kwa hitilafu ya kimaumbile ambayo hakuna kidonge wala mzizi wa kuirekebisha. Kila nikimaliza kuhesabu slaidi ya namna hiyo nahisi uchungu, kwa sababu zile nyeupe nimeshazikausha kwenye kioo na hazimfai tena mtu yeyote. Kipimo kimeniambia zipo hai na papo hapo kimezimaliza.

Ukitaka kujua ipi iko hai bila kuiua, unaiweka kwenye maji yenye chumvi pungufu. Mkia wa iliyo hai unavimba na kujikunja. Ukishaitambua, utaishikaje? Seli haishikiki kwa kibanio. Wenzangu wa maabara wanajua: damu ikivutwa kwa pupa kwenye sindano nyembamba, chembe nyekundu zinapasuka njiani, na sampuli inafika kwetu haifai hata kupima potasiamu. Seli inataka iguswe kwa ustaarabu. Hilo ndilo jambo lenyewe katika habari hii yote, na ndilo lililokosekana kwenye habari yenu: watafiti hawa wanatafuta mkono mdogo wa kutosha kushika seli hai bila kuiumiza.

Kwa haki ya msomaji niseme pia kwamba mbegu isiyoogelea imeshapata njia nyingine. Mwaka 1992 Gianpiero Palermo na wenzake huko Brussels, Ubelgiji, waliripoti mimba zilizopatikana kwa kuchoma mbegu moja moja ndani ya yai kwa sindano ya kioo. Njia hiyo inatumika duniani kote hadi leo, na Dar es Salaam vipo vituo vinavyoifanya. Bei yake ni mamilioni ya shilingi, na kutoka hapa ni zaidi ya kilomita 500 kabla hujalipia hata kitanda cha kulala. Wanawake wanaokuja dirishani kwangu wanauza korosho mara moja kwa mwaka. Wakisoma neno tiba, wanapiga hesabu ya gunia.

Sindano ile inaongozwa na mkono wa mtu, na mkono hata wa bingwa una mtetemo. Yai la binadamu lina upana wa takribani sehemu moja ya kumi ya milimita. Japani, Fumihito Arai na wenzake katika Chuo Kikuu cha Nagoya walilishughulikia hilo, na mimi nadhani kazi yao inatuhusu zaidi hata kuliko ya Dresden. Mnamo 2011 walitoa matokeo ya zana ndogo za nikeli na silikoni zilizofungiwa pamoja na yai ndani ya kifaa cha kioo chenye mifereji. Sumaku za kawaida zinatembezwa chini ya kioo, zana inazifuata. Tatizo lilikuwa msuguano: zana inalala sakafuni, inakwama, halafu inaruka ghafla, na mruko mdogo tu unapasua yai. Wakatetemesha kioo kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika, msuguano ukapungua, zana ikaanza kuteleza kwa usahihi wa mikromita, yaani sehemu ya elfu moja ya milimita. Kwa zana hizo walitoa kiini cha yai la mnyama, kazi ambayo kwa sindano inahitaji fundi aliyefunzwa kwa muda mrefu. Yai halikuguswa na mkono, na kifaa kilibaki kimefungwa, vumbi na vijidudu havikuingia. Kwa mahali penye joto na vumbi kama kwetu, jambo hilo si dogo.

Kuzipeleka springi ndani ya mwili wa mwanamke ni safari nyingine kabisa. Kwenye kisahani unaona kwa hadubini, tumboni huoni. Zurich walitoa matokeo mwaka 2015 ya kundi zima la springi likifuatiliwa ndani ya tumbo la panya, na ilibidi ziwe nyingi kwa pamoja ndipo kamera ilipoziona. Springi moja iliyobeba mbegu moja ni kitu kingine. Halafu kuna ute, kuna kuta za mirija zenye nywele ndogo zinazosukuma, kuna kinga ya mwili inayoshambulia kila kigeni. Na kuna swali la chuma chenyewe: nikeli inadhuru seli, kwa hiyo wengi wanaifunika kwa titani au wanatafuta metali nyingine, na bado lazima wajue springi itaondokaje ikimaliza kazi. Maswali haya wanayaandika wenyewe katika taarifa zao. Hawayafichi. Sisi ndio tunaoyaacha nje tunapotafsiri.

Kuhusu sumaku yenyewe, nimeulizwa kama itamdhuru mama au mtoto. Nguvu ya sumaku hupimwa kwa tesla, na springi hizi zinaendeshwa kwa militesla chache, yaani sehemu chache za elfu za tesla. Mashine za MRI ambazo watu wanalazwa ndani yake kupigwa picha nyingi ni za tesla 1.5, mara mamia zaidi. Uga wa nguvu ndogo namna hiyo unapita mwilini bila mtu kuuhisi, na hiyo ni sababu mojawapo ya watafiti kupenda sumaku kuliko mwanga au umeme.

Mzee mmoja wa msikitini kwetu aliniuliza jambo la nasaba, na naliheshimu swali lake. Springi haina chembe yoyote ya uzazi. Mbegu ni ya mume, yai ni la mke, kilichoongezwa ni msukumo. Hukumu ya dini nawaachia wanazuoni. Mimi kwa upande wa maabara namwambia kwamba mahali pa kuogopa kuchanganyikiwa kwa nasaba ni kwenye lebo ya kikopo. Jina, tarehe, saa, na sahihi ya aliyepokea. Nikiona kikopo hakina lebo sikipokei, hata aliyekileta akinikasirikia.

Sasa niseme na kaka zangu na baba zangu wa Mtwara na Lindi, maana roboti au sindano, hakuna kitakachowasaidia kama hamjapimwa. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya sita duniani hupitia tatizo la kukosa uzazi. Wanaume wamo, kwa sehemu kubwa. Lakini ninaowaona dirishani ni wanawake. Wamepimwa homoni, wamepigwa picha za mirija, wamekunywa dawa za mizizi, wamesemwa na mawifi, wengine wameshaletewa mke mwenza, na mume hajawahi kutoa sampuli hata mara moja. Mama anaambiwa ni tasa na watu ambao hawajaona slaidi ya mumewe. Hili linaniuma kuliko jambo lolote katika kazi yangu, na nitaendelea kulisema.

Na sehemu ya yale tunayoyakuta yanatibika hapahapa bila roboti: maambukizi ya kisonono yaliyopuuzwa ujanani, mishipa iliyovimba kwenye korodani, mabusha yaliyoachwa miaka, sigara, kazi za kukaa kwenye joto kali. Nimeshuhudia majibu ya mtu yakibadilika baada ya matibabu ya kawaida na subira ya miezi mitatu, kwa kuwa mbegu inachukua takribani siku 70 kutengenezwa. Majibu mabaya ya mara moja pia si hukumu. Homa ya malaria ya mwezi uliopita inaweza kuyashusha, kwa hiyo kipimo hurudiwa.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba mtoe ufafanuzi wa habari ile, na uwe ukurasa uleule ilipokuwa habari. Mnapoandika ugunduzi wowote wa tiba, msomaji ajue tangu aya ya kwanza umejaribiwa kwa nani, ng'ombe, panya au binadamu, na kama ni kwenye kisahani au mwilini. Waandishi wenu wanaweza kupiga simu maabara yoyote ya mkoa kabla ya kuchapa. Tutawapokea na tutawaeleza.

Na kama kutabaki nafasi chini ya ufafanuzi huo, naomba mwekee wanaume maelekezo haya. Kaa bila kukutana na mwanamke kwa siku mbili hadi saba kabla ya kipimo. Toa sampuli kwa mkono, kwenye kikopo utakachopewa na maabara, si kwenye kondomu ya kawaida wala chupa ya soda iliyooshwa, na usitumie mate, mafuta wala sabuni, kwani vyote hivyo vinaharibu mbegu. Sampuli yote iingie kikopo. Kama ya mwanzo imemwagika sema, usione haya, tutapanga siku nyingine. Chumba cha kutolea kipo, na ndiyo njia bora. Ukilazimika kuitoa nyumbani, ifike ndani ya saa moja, na ibebwe mfukoni karibu na mwili, si kwenye kikapu cha bodaboda juani wala kwenye barafu. Wa Naliendele na Mikindani wanawahi bila shida. Anayetoka mbali zaidi, Nanyamba au Tandahimba, aje atolee hapahapa, na afike asubuhi kabla foleni ya damu haijawa ndefu.

Msomaji wako,
Mtaalamu wa maabara,
Chikongola, Mtwara